Ukili wa Bi Mize

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima Mwanahawa alipotoka na ndoo kwenda kuchota maji ya kupikia. Chemchemi ipo chini ya migomba yake mwenyewe, hatua hamsini kutoka jikoni, njia aliyoipita tangu ana meno ya utoto. Akainama. Akachota kwa kata, akaonja kama aonjavyo siku zote.

Akatema.

Maji yalikuwa ya chumvi.

Alisimama pale kata mkononi. Vyura walikuwa kimya. Ukungu ulikuwa unashuka taratibu kama ushukavyo kila jioni huko juu, lakini leo ulikuja na harufu... ya kitu kinachooza na kunukia kwa wakati mmoja. Mwanahawa hajawahi kuinusa harufu ile maishani mwake. Na bado aliijua, kwa kuwa wiki tatu nzima alikuwa akiwasimulia watu.

Harufu ya mwani.

Maana ukweli, na alikuwa nao peke yake pale kitongojini, ni kwamba Mwanahawa hajawahi kuiona bahari. Mwendo wake mrefu ni kushuka kwa miguu hadi Mlali na kupanda gari la Morogoro mjini. Stendi ya Msamvu ameizunguka mara nyingi, akitazama mabasi yanavyoondoka na watu wengine.

Aliyekwenda visiwani ni Shamsia.

Shamsia ni binti wa mama yake mdogo. Wawili hao walilelewa na bibi mmoja, kitanda kimoja, blanketi moja, na Shamsia ndiye aliyekuwa akilivuta. Bibi alipofariki aliacha nyumba na matuta ya maharage kwa Mwanahawa, kwa kuwa ndiye aliyebaki kumwogesha. Shamsia alikuwa ameshaolewa Kilakala mjini, ana friji, ana makochi yenye vitambaa vyeupe, ana mume dereva wa malori, Mikidadi. Akasema sawa tu, mlima ataufanyia nini. Lakini waliokuwepo siku ile wanasema aliyatazama yale matuta moja baada ya jingine, mpaka la mwisho kule chini, ndipo akaaga.

Basi mwezi wa saba kikundi cha Shamsia cha akina mama wapiga dufu kikapanga ziara ya visiwani. Shamsia akampigia dada yake simu, ashuke mjini haraka. Mwanahawa akafunga nguo zake nzuri kabisa akidhani anachukuliwa safari. Kumbe anatakiwa alinde nyumba na kulisha kuku.

Akakaa wiki mbili Kilakala na kuku wa watu. Kila jioni simu ikaleta voisi ya Shamsia. Leo yuko Unguja, amelala chumba chenye dirisha la kuchungulia kichochoro, chini wazee wanakunywa kahawa na kuteta. Kesho yuko Pemba, mabonde na vilima kama kwao, ila barabara nzima imeanikwa karafuu, mpaka jasho lake, anasema, linanukia. Halafu wakavuka kwenda kisiwa kidogo ambacho wenyewe hawakitaji jina kwa mtu ambaye hajakikanyaga. Ukishuka chomboni maji yanakufika magotini. Pwani wamesimama bibi vizee, kila mmoja anamshika mgeni wake kifundo cha mkono, ndiyo umeshachaguliwa. Shamsia alishikwa na Bi Mize. Bi Mize alimwosha miguu, akala naye pweza wa nazi sahani moja, kisha wakakaa siku mbili wanasuka ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mkeka. Hawakuumaliza. Haumalizwi huko. Mgeni anaondoka nao chane za ukindu zikining'inia, na mwenyeji naye siku moja atakuja kwake, alale, aumalizie.

"Kasema mwenye ukili ndiye mgeni wake," Shamsia alicheka kwenye simu. "Kaniuliza na kwetu ni wapi. Nimemwelekeza vizuri tu."

Mwanahawa alizisikiliza voisi zile mara tatu tatu, amelala kitandani kwa Shamsia, amejipaka mafuta ya Shamsia. Wivu ulimkaa kifuani kama tonge la ugali mkavu, haupandi, haushuki.

Shamsia akarudi, amenenepa, amepakwa hina mpaka kwenye viwiko. Zawadi ya dada mlinda kuku? Karafuu, kifuko cha kupigia chafya moja. Ukili akautundika ukutani, kwenye msumari wa kwanza ukiingia mlangoni. Kisha akasema, "Dada, mie naingia kuoga. Nitachelewa kidogo."

Na kweli siku ile alioga sana.

Alipotoka bafuni, Mwanahawa alikuwa ameshaaga kwa kupaza sauti kutoka uani, na ukili umekunjwa chini ya kapu lake, juu yake vitumbua.

Labda angeuficha tu uvunguni yakaisha. Lakini alipofika juu, wa kwanza kukutana naye alikuwa Josephina, jirani yake, ambaye tangu binti yake Winfrida apate kazi ya hoteli Arusha hakuna mtu mwingine aliyepata nafasi ya kusimulia chochote. Josephina akamwuliza kama alikuwa mjini anachunga kuku wa mdogo wake. Aliuliza na ule mdomo wake.

Mwanahawa akajisikia anajibu, "Kuku gani? Shamsia kabaki nyumbani. Nilikuwa visiwani mimi."

Akautoa ukili.

Ikawa ndiyo habari. Msimu wa maharage wanawake hukusanyika jioni uani kwake, wanapukuchua pamoja, na sasa waligombea kukaa karibu naye. Aliwashusha chomboni, akawatia maji magotini, akawalisha pweza. Alimpa Bi Mize kovu la shavuni ambalo Shamsia hakulitaja, na jino moja la mbele, refu. Josephina alikaa pembeni kimya, na kimya kile kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote Mwanahawa alichowahi kuonja. Shamsia alipopiga simu kuulizia ukili, alijibiwa haujaonekana. Hakuuliza tena. Hata hakukasirika.

Hiyo ndiyo sababu, pale chemchemini, hakuthubutu kumwita mtu.

Aliyamwaga maji, akapanda juu kwenye mfereji mwingine, akarudi. Wanawake walikuwa wameshatandika mikeka, taa ya sola inawaka, maganda ya maharage yanalia pa, pa, pa. Mama Yustina, mkubwa wao, akamwambia awahi, hadithi imemngoja. Lakini aliyeanza kusema alikuwa Josephina. Na alianza kwa upole, hapo ndipo pa kuogopa. Eti leo ameongea kwa simu na mtu wa Kilakala. Eti amesikia mambo.

"Mama Halidi," akasema, macho kwenye maharage yake. Halidi ni mtoto wa Mwanahawa, yuko kwenye mashamba ya miwa. "Hicho kisiwa chako kinaitwaje? Maana aliyekwenda si lazima atajiwe jina?"

Maganda yakanyamaza.

Mwanahawa alizipitia voisi zote kichwani. Hakuwa na jina.

"Hodi..."

Sauti ilitoka kwenye migomba. Upande wa chemchemi. Upande usio na njia ya wageni.

"Hodi wenye nyumba."

Akatokea bibi kizee mfupi, peku, amejifunga kanga mbili. Mvua haikunyesha wiki nzima. Pindo la kanga yake lilikuwa linachuruzika.

Wakamwamkia shikamoo wote, akaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Taa ikammulika usoni. Kovu shavuni. Jino moja la mbele, refu.

Mwanahawa alihisi nywele zinasimama chini ya mtandio. Lile kovu alilibuni mwenyewe.

"N'metoka mbali wanangu," akasema bibi. "N'mefuata maji. Mie natafuta mgeni wangu. Alilala kwangu."

"Si huyu hapa," Mama Yustina akasema kwa fahari, kama aliyeulizwa habari za mwanawe aliye wa kwanza darasani. "Kila siku tunakusikia, bibi."

Wote wakamgeukia Mwanahawa. Josephina naye akageuka, polepole.

"Ndiye wewe, mama Halidi?" Josephina akauliza.

Neno lilikuwa moja tu. Siye. Angelisema, pengine angekuwepo mpaka leo, anachekwa, lakini yupo. Alilitafuta, akalipata, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi kabisa. Kisha akamwona Josephina anavyongoja. Mdomo umeshajiweka tayari.

"Ni mimi, bibi," akasema Mwanahawa. "Karibu."

Bibi akamshika kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa baridi, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

Akawaambia wengine, kwa upole, wakapike, watu wao wana njaa. Wakaondoka. Hata hawakubeba maharage yao. Josephina alikuwa wa mwisho, na hakwenda mbali. Alijibanza nyuma ya jiko, sikio kwenye tundu la ukuta wa udongo. Ndiyo maana haya yanajulikana.

Alimsikia Mwanahawa akimwingiza mgeni ndani, akileta beseni, akimwosha miguu. Alisikia maji. Halafu mchanga... shaa... ukimwagika kutoka kwenye nyayo za yule bibi. Shaa... Mwanahawa akamwaga, akajaza tena. Shaa... Mchanga hauishi.

Kisha sauti ndogo ya ukindu ukipitishana. Kri. Kri. Bibi anasuka.

"Ukisha tutaondoka," akasema.

Kri. Kri.

Mwanahawa akaanza kulia. Na sasa, hakuna wa kumcheka, ukweli ukatoka wenyewe, kwa kunong'ona. "Bibi, nisamehe. Siye mimi. Aliyelala kwako ni Shamsia, mdogo wangu. Yuko Kilakala."

Ukindu ukasimama.

"N'najua, mwanangu," akasema bibi. "Shamsia n'mekula naye sahani moja, simjui? Nilipomwambia nitakuja kumchukua, kaniambia yeye hawezi, ana mume. Lakini kaniambia ana dada yake mlimani. Anatamani mno kuja."

Kri.

"Kanielekeza mpaka chemchemi."

Kri. Kri. Kri.

Josephina anasema hakusikia zaidi. Anasema alikimbia.

Asubuhi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Kibwana, akauvunja. Sakafu mbichi. Karibu na beseni palikuwa na kichuguu cha mchanga mweupe, laini, ambao mlima ule haujawahi kuwa nao. Ndani ya ungo, katikati ya maharage, magamba madogo madogo ya kombe za baharini. Simu ya Mwanahawa ilikuwa kitandani, imezimika. Mwenyewe hakuwepo. Wala ukili. Walitafuta msituni siku nne, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Chemchemi, walipoionja, ilikuwa tamu kama zamani.

Shamsia akapanda mlima na kanga nyeusi. Alilia inavyotakiwa. Baadaye alionekana anapita kwenye matuta ya bibi, moja baada ya jingine, akauliza lile la chini kabisa sasa linalimwa na nani. Huenda ni uchungu tu, mtu akifiwa hata miguu yake haijui inakokwenda. Na jambo jingine aliuliza, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemwelewa: kama kuna aliyeuona ukili umekwisha vizuri.

Siku ya dua wanawake walikuwa wamekaa chumbani. Ile simu ya Mwanahawa bado iko juu ya kabati, haina chaji, kila mtu anaiona. Simu ya Shamsia ikalia ndani ya pochi. Akaitazama. Voisi, namba ya Mwanahawa. Kidole chake kikateleza, kikagusa pasipotakiwa.

Kwanza mawimbi. Kisha kicheko.

"Shamsia... nimefika mwenzio. Wala hukuongopa. Maji mpaka magotini! Jana tumekula pweza, leo wananifundisha kusuka. Hata jina la kisiwa wameniambia, kumbe ni jina dogo tu, kinaitwa..."

Shamsia akaizima. Akaifuta pale pale, mbele ya watu, na hakula pilau ya dua.

Mama Yustina alisali sala aliyoijua. Wengine walijifunika nyuso. Ila Josephina alitoka nje akakaa peke yake kwenye jiwe la kufulia, na aliyemfuata akadhani analia kwa hofu. Haikuwa hofu. Ni kile kicheko. Kilikuwa kicheko cha mtu anayefaidi, na Winfrida wake hajawahi kucheka hivyo kutoka Arusha.

Tangu hapo Josephina huchota maji yake kwenye ile chemchemi, japo kwake ni mbali. Na ukutani kwake kumetundikwa kipande cha ukili, shubiri moja, kipya, chane zinaning'inia. Anasema alikiokota majini.

Juzi alikwenda nacho gulioni Mlali, amekifunga kwenye kapu. Mama mmoja muuza ndizi akakisifu, akamwuliza amekitoa wapi.

Josephina akashusha kapu. Kisha akageuza ndoo, akaikalia vizuri.

"Ukishuka chomboni," akaanza, "maji yanakufika magotini..."