Taa ya Nyuma

Jua likizama, rafiki yangu Fadhul, mpiga picha wa Mbale, alimsimamisha bibi harusi ukingoni mwa genge la mlima Wanale. Hapo ndipo marehemu mkewe Hasifa, akimshikia taa ya kummulika kwa nyuma anayepigwa picha, alipoanguka gengeni. Watu waliambiwa aliteleza. Fadhul hakumwambia yeyote, ila mimi baadaye, kwamba alikuwa amemwagiza, "Rudi nyuma kidogo."

Safari hii alileta flashi moja tu, ya mbele. Akapiga, akaizima.

"Bwana Fadhul, mwenzako ananichoma kisogo kwa taa yake!" bibi harusi alicheka.

"Niko peke yangu, dada."

Akatazama picha. Mbingu nyekundu, uso umeangazwa vizuri, na shela imezungukwa na mwanga mweupe uliotoka nyuma.

Giza likaingia. Kule chini gengeni ikasikika sauti nyembamba ya flashi ikijichaji upya.