Pacha Aliyekaa Chini

Atuganile alisimama peku juu ya sahani ya kioo yenye joto, mikono ameitanua kidogo kama alivyoelekezwa, na ndani ya dakika mbili mashine ikawa imemzaa upya. Mbele yake, kwenye meza ndefu iliyochongwa milima ya Uporoto na uwanda wa Kitulo kwa kipimo kidogo, alitokea mwanamke wa nuru asiyezidi urefu wa kidole gumba. Alikuwa na mabega yake, na hatua yake ya kuburuta kidogo mguu wa kushoto, hata ule ukaidi wa kidevu ambao mama yake hakuupenda. Huyo ndiye pacha wa nuru. Watu wa Mbeya walifupisha wakamwita pacha tu, na hakuna aliyeruhusiwa kukimbia kilomita tisini na mbili kutoka Uyole mpaka Matamba kabla pacha wake hajazikimbia kwanza pale mezani, kwa dakika kumi na moja.

Mashine ilisoma moyo, mapafu, damu na maungio. Ilisoma pia miezi sita ya usingizi na mazoezi kutoka kwenye bangili ya afya ambayo kila raia aliivaa. Akili unde iliyokuwa ndani yake ilikuwa imefundishwa kwa wakimbiaji wa miaka kumi na miwili, na tangazo la ukutani lilijigamba kwamba haibahatishi. Atuganile aliyajua hayo kuliko tangazo. Alikuwa mmoja wa wahandisi wanne walioiunda, na siku ile aliingia chumbani kwa kujiamini kama mpishi anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

Pacha aliondoka vizuri. Alipanda Isyonje bila kuhema na kuingia Kitulo akiwa bado mkavu. Kilomita ya sitini alikuwa hajambo. Ya sabini na moja, kando ya daraja dogo la mawe, pale kilima kirefu kinapoanza, alikaa chini. Hakuanguka. Alikaa, akaweka mikono magotini, akazimika.

"Hujawa tayari," ilisema sauti ya mashine, kwa upole wa muuguzi. "Pumzika, ujaribu tena mwakani."

Nje, kwenye benchi la kuvalia viatu, mwanamke mwembamba wa makamo alimtazama usoni na kujua habari yote.

"Amekaa wapi?" akamuuliza.

"Nani?"

"Pacha wako."

"Sabini na moja. Pale darajani."

Yule mwanamke akaguna. "Karibu kwenye ukoo. Wangu anakaa hapo hapo, huu mwaka wa sita. Wa shemeji yangu alikaa hapo. Na wa yule mwalimu wa Tukuyu, kijana mwenye miguu kama swala, naye alikaa hapo."

"Haiwezekani, dada. Miili ya watu haifanani."

"Basi kamwambie aliyeitengeneza," alisema mwanamke, akifunga kamba za viatu.

Atuganile aliinama kuvaa viatu vyake. Walisalimiana kwa majina, na ndipo akajua kwamba huyo ni Sekela, fundi wa roboti wa kupalilia pareto kule Isyonje, mwenye umri wa miaka hamsini na saba.

Mchana ule ule alirudi ofisini na kuwaita mapacha wote waliowahi kukataliwa. Walikuwa elfu moja na mia tisa na kitu. Walikuwemo vijana wa miaka ishirini na watu wa sitini, wanene na wembamba, wachungaji na makarani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamekaa kando ya daraja lile, mikono magotini.

Akaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka kwenye maagizo ya kwanza kabisa. Huko akakuta mstari alioandika mwenyewe. Kila mwaka baada ya mashindano, mashine ilifundishwa upya: nani amefika, nani ameishia wapi. Waliokatazwa kukimbia hawakuwa na matokeo, na akili unde za siku zile hazikupenda nafasi tupu. Kwa hiyo Atuganile alizijaza. Aliiagiza mashine ihesabu kwamba aliyekatazwa ameishia pale pale alipoishia pacha wake. Pembeni aliandika maneno mawili, *kwa muda*. *Kwa muda* hiyo sasa ilikuwa imetimiza miaka kumi na miwili.

Ni kusema kwamba mashine ilikuwa ikijifundisha maneno yake yenyewe. Aliyekatazwa alihesabiwa ameshindwa, na mwakani wote waliofanana naye, hata kwa mbali, walikatazwa kwa uhakika zaidi. Hakuna aliyeweza kuisahihisha, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuikosoa kwa miguu yake.

Na hili la kukaa darajani lilianzia wapi? Katika kumbukumbu za mwaka wa kwanza aliyeishia pale alikuwa mtu mmoja tu. Atuganile hakuhitaji kufungua jina. Gwamaka, kaka yake, alikaa kando ya daraja lile akiwa na miaka thelathini na minne, akawaambia wenzake, "Tangulieni, nakuja," akafa kabla ya msaada kufika. Kwa ajili yake dada mtu aliunda mashine, na tangu siku hiyo hakuna aliyekufa tena katika mbio zile. Alikuwa akijivunia jambo hilo mpaka mchana huu. Sasa aliona kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwakalisha watu wa mkoa mzima mahali alipokaa kaka yake, na aliegemeza kichwa mezani akalia, bila kujali mlango uko wazi.

Mwenyekiti wa kamati ya mashindano, Mhandisi Ndelwa, alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, jambo ambalo lilifanya iwe vigumu zaidi kugombana naye.

"Zimebaki siku tisa, Atu," alisema. "Ukiufuta mstari huo leo, mashine itajua nini kuhusu watu hawa?"

"Haitajua chochote. Huo ndio ukweli wenyewe, Mhandisi."

"Halafu mimi niwaachie waende? Nilikuwa darajani siku ile. Kichwa cha Gwamaka kilikuwa mapajani mwangu. Niletee mtu mmoja tu ambaye pacha wake alikaa na yeye mwenyewe akafika Matamba. Hapo tutazungumza."

Atuganile alikuwa na ufunguo wa mashine. Angeweza kuufuta ule mstari kwa ajili ya pacha wake peke yake, akapata kibali kabla jua halijazama, na nisingekuwa mkweli nikisema hakulifikiria hilo. Aliufungua hata ukurasa. Kisha akajiona akipita getini Uyole huku Sekela akimtazama kutoka pembeni, akaufunga.

Kesho yake alipanda Isyonje. Alimkuta Sekela amempindua roboti wa palizi miguu juu, anamtoa matope kwenye magurudumu, akamweleza yote: mstari, kaka, na nani aliyeitengeneza mashine. Sekela aliendelea kukwangua matope. Alikwangua gurudumu zima.

"Miaka sita," alisema hatimaye. "Mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu mama yenu ana moyo mbovu. Binti yangu alinikataza hata kubeba ndoo."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe, lakini si leo." Akaweka kisu chini. "Ngoja nikwambie jambo. Mashindano huwa Jumapili. Sisi hukimbia Jumatatu."

"Ninyi akina nani?"

"Tuliokaa darajani. Tuko kumi na mmoja. Tunaacha bangili nyumbani, kwa sababu anayekamatwa njiani bila kibali anafungiwa mashindano maisha yake yote. Mimi Matamba nimefika mara nne."

Atuganile alisogea karibu. Mtu mmoja aliyetakiwa na Ndelwa alikuwa mbele yake, mikono imejaa matope.

"Mwenyekiti anapaswa kuwaona," alisema. "Lakini akiwaona anaweza kuwafungia maisha."

"Nina miaka hamsini na saba. Maisha gani hayo atakayonifungia? Wenzangu nitawauliza." Sekela akamtazama juu mpaka chini. "Na wewe unataka kuja?"

"Sijui kama niko tayari. Nilidhani mashine itaniambia."

"Tujaribu bila mashine basi. Umewahi kukimbia masaa matano Jumamosi, ukaamka Jumapili na miguu mizito ukakimbia tena?"

"Mara nne."

"Vizuri. Njiani ulikula nini?"

"Sikula. Tumbo linakataa."

"Hapo una kazi. Anza leo, viazi vya kuchemsha na chumvi, upende usipende. Kilima unakipandaje?"

"Nakimbia."

"Majivuno hayo. Kilima kinatembewa. Ukichoka mpaka ukataka kulia, unamkasirikia nani?"

Atuganile alifikiri. "Kaka yangu."

Sekela aliitikia kwa kichwa polepole. "Na ukiona kabisa hufiki, utaweza kusimama useme sifiki?"

Hilo hakulijibu. Alikuwa ameunda mashine nzima ili isiwe lazima mtu yeyote alijibu. Sekela alimrudisha roboti kwenye magurudumu yake na kumwacha aende zake kwenye matuta.

"Ukipata jibu, njoo Jumatatu," alisema.

Kwa siku zilizofuata Atuganile alikula viazi akiwa anakimbia, akavitapika mara mbili, mara ya tatu vikakaa. Wale kumi na mmoja walikubali waonwe. Ijumaa alimwambia Ndelwa siku na saa, akamwomba aje na gari asimsimamishe mtu, atazame tu. Ndelwa hakuahidi.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, waliondoka Uyole kimya kimya, watu kumi na wawili wasio na bangili. Kumekucha wako juu ya Isyonje. Roboti wa pareto walikuwa wameshaanza kazi, na mmoja alisimama kuwapisha, maana Sekela ndiye aliyewafundisha adabu. Kitulo ilikuwa na maua kila upande. Atuganile alitembea vilima na kula kila nusu saa. Kilomita ya hamsini aligundua, kwa mshangao, kwamba alikuwa na furaha.

Daraja lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. Gari la Ndelwa, la kujiendesha lenyewe, lilikuwa limeegeshwa upande wa pili, na mwenyewe amesimama nje, mikono mifukoni. Atuganile alikaa kando ya barabara, kwa kuwa alitaka kukaa. Alilitaja jina la kaka yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili. Alikula kiazi. Kisha akasimama, akaanza kupanda kilima pamoja na Sekela, na nyuma yao gari likaanza kuwafuata taratibu.

Alikuwa amemshinda pacha wake, na kwa kilomita kumi hivi alikimbia kwa utamu wa jambo hilo. Kisha utamu ukaisha. Kilomita ya themanini na nne vidole vyake vilikuwa vimevimba hata haviwezi kukunjika. Alijaribu kukumbuka ni siku gani akashindwa. Barabara ilikuwa inainama kushoto ilhali haina kona. Zilibaki kilomita nane, tena nyingi zake mteremko, na kila kitu ndani yake kilimwambia kwamba kilomita nane si kitu.

Sekela aligeuka. "Vipi?"

Maneno yalikuja yenyewe, tayari kabisa mdomoni: tangulia, nakuja. Aliyasikia kabla hajayatoa, na akamsikia na aliyeyasema kwanza. Akayameza.

"Dada, mimi nimeishia hapa," alisema.

Sekela alirudi, akamshika mabega, akamwangalia jicho moja baada ya jingine. "Ndaga," alimshukuru kwa lugha ya kwao, akampungia Ndelwa asogee. Kisha akaendelea na safari yake, maana naye alikuwa na Matamba ya kufika.

Ndelwa alimkalisha kwenye kiti cha nyuma, akamvua viatu, akampa maji ya chumvi kidogo kidogo. Baada ya robo saa barabara ilinyooka, na Atuganile akakumbuka kwamba ni Jumatatu.

"Kwa hiyo mashine ilikuwa sahihi," alisema Ndelwa. Hakusema kwa kukomoa. Alikuwa anauliza.

"Kuhusu mimi, karibu. Nilikuwa sijawa tayari. Lakini nimejua mwenyewe, na nimesimama mwenyewe. Mwakani nitakuwa tayari zaidi." Alifunga macho kidogo. "Uandike hivyo. Atuganile, themanini na nne. Katika wote tuliowakataza, hilo ndilo tokeo la kwanza la kweli tulilonalo."

Ndelwa alitoa kibao chake cha kuandikia na kuandika. Alikaa akikitazama, herufi chache kwenye ukurasa mweupe.

"Na huyu mama?" aliuliza. "Anafika kweli?"

Atuganile alitazama mbele. Sekela alikuwa ameshakuwa doa dogo mteremkoni, na mbele yake madoa mengine, yametawanyika mpaka barabara inapopotea.

"Liambie gari lipite pembeni, lisiwatimulie vumbi," alisema. "Twende tukawasubiri Matamba. Miaka yote wanafika pale, na hakuna aliyewahi kuwaandika."