Mzee Aliyesimama Kutia Saini

Kila siku baada ya shule, Chiriku hupitia studio ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Hufagia, hupangusa lenzi kwa kitambaa laini, hupanga viti, na muda wote huo mdomo haupumziki. Jina lake hasa liko kwenye daftari la mwalimu. Mtaani na nyumbani yeye ni Chiriku tu, kwa jinsi anavyopiga soga. Ana miaka kumi na mitatu, na kamera anaishika vizuri kuliko watu wazima wengi, maana shangazi amemfundisha tangu akiwa darasa la tatu.

Shangazi huyo hana mchezo na kazi. Sheria yake kubwa ni ya kadi, vile vibamba vidogo vinavyohifadhi picha ndani ya kamera. Kadi yenye picha hulazwa kifudifudi kwenye kisanduku chake, na kadi tupu hulazwa chali. Kabla ya kazi mpya, kadi zilizolala chali husafishwa, yaani hufutwa kila kilichomo. "Sitaki kusimuliwa," husema shangazi. "Nikitupa jicho tu, nijue."

Jumamosi moja asubuhi walikuwa na kazi katika ofisi ya msajili wa ndoa, ghorofa ya pili. Msajili alikuwa mama mmoja mkali, na simu zote za wageni alizikusanya kwenye kikapu mlangoni. "Hapa tunafungisha ndoa, hatuoneshi sinema," alisema. Wapiga picha peke yao ndio walioruhusiwa. Chumba kilikuwa chembamba, na meza imekijaza chote, hata mtu akishaingia hana pa kugeukia. Shangazi alibaki upande wa mlango. Chiriku, kwa wembamba wake, alipenyezwa upande wa dirisha, nyuma ya msajili. Kwa hiyo shangazi aliwaona maharusi migongo, na Chiriku akawaona nyuso.

Baba wa bibi harusi aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa ametoka hospitali kwa ruhusa ya muda wa saa tatu tu, aje awe shahidi wa bintiye. Msajili alimsogezea kitabu, akamwambia kwa upole, "Tia saini ukiwa umekaa, mzee wangu."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu anaolewa, mimi nimekaa? Haiwezekani."

Miezi minne alikuwa hajasimama. Aliishika meza kwa mikono miwili, akajiinua, magoti yakimtetemeka. Mkewe alimkamata koti kwa nyuma asije akaanguka. Bibi harusi alikuwa ameficha uso kwenye kitambaa, analia. Mzee aliponyooka, aliitazama kamera ya Chiriku moja kwa moja.

"Umenipata, mjukuu wangu?"

"Nimekupata, babu!"

Ndipo akainama, akatia saini.

Kadi ikajaa papo hapo. Chiriku, furaha imempanda kichwani, aliitoa, akatia nyingine kwenye kamera, na ile akailaza kisandukuni. Akailaza chali.

Waliporudi studio, watu wa picha za vitambulisho walikuwa wamejipanga hadi nje. "Safisha kadi, haraka!" shangazi alisema. Chiriku akasafisha zote tatu zilizolala chali, moja baada ya nyingine, huku akiwapigia wateja porojo. Alipomaliza akatafuta ile iliyolala kifudifudi ili ampe shangazi. Haikuwepo.

Jamani! Alikitazama kile kisanduku, akakitikisa, akatazama tena. Picha mia na arobaini, na mzee amesimama, vyote vimekwenda.

"Leta picha zako za kwa msajili tuzione," shangazi aliita.

Uongo ukamtoka kabla hajaupima. "Shangazi, hazipo. Nadhani kadi haikuingia sawasawa. Nilikuwa nabonyeza, kumbe hakuna kilichohifadhiwa."

Shangazi akashusha pumzi. "Basi kosa ni langu. Ningeikagua kamera kabla hatujaanza." Akachukua simu, akampigia bibi harusi, akaomba radhi yeye, kwa sauti ya chini, mgongo ameugeuzia ukuta.

Tangu hapo Chiriku hakuwa na raha. Jumapili alipokuwa akifua, aliona mikono ya yule mzee imeshika ukingo wa beseni. Jumatatu mwalimu alitia saini daftari lake, na kwenye kalamu ile akaona kidole kinachotetemeka. Studio ilikuwa mbaya zaidi. Kila aliyeketi kwenye kigoda na kutazama kamera alikuwa na macho ya yule mzee, awe mwanafunzi, awe mama muuza mboga. Umenipata, mjukuu wangu? Aliisikia sauti hiyo waziwazi, hata mara moja akageuka nyuma. Hapakuwa na mtu, ila pazia jeupe la kupigia picha.

"Chiriku wangu amepotelea wapi?" shangazi aliuliza Jumanne. "Siku ya tatu leo nafanya kazi na bubu. Unaumwa?"

"Kichwa tu, shangazi."

Jumatano alasiri, bibi harusi aliingia studio. Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Lakini mgeni hakuja kugomba. Aliketi kwenye kigoda, akamwita.

"Mdogo wangu, njoo. Baba amezidiwa. Kila akiamka anaulizia picha aliyosimama. Mimi nilikuwa nalia, sikumwona. Mama alikuwa nyuma yake, mume wangu ananibembeleza, msajili ameinamia kitabu. Wewe peke yako ndiye uliyemwona uso. Hebu nisimulie, alikuwaje?"

Chiriku akasogea. Akasimulia. Alieleza jinsi mzee alivyouma mdomo wa chini, mshipa wa shingo ulivyomtoka, jasho lilivyomshuka kwenye shavu la kushoto, na jinsi uso wote ulivyokunjuka alipofika juu. Bibi harusi alisikiliza amefumba macho, machozi yakimtiririka. Kisha akamshika mkono.

"Ahsante, mdogo wangu. Mungu akubariki. Angalau wewe umenipa hicho."

Shukrani ile ilimchoma kuliko kofi. Chiriku akaangua kilio. "Usinishukuru, dada! Nilimpata! Picha zilikuwepo zote, nikazifuta mwenyewe. Niliilaza kadi chali, halafu nikamdanganya shangazi!"

Shangazi alikuja taratibu, akainama mbele yake. "Kadi gani?"

"Ile yenye alama nyekundu."

"Hiyo iliyomo kwenye kamera sasa hivi?"

Shangazi hakugomba. Aliichomoa kadi kana kwamba inaungua, akamshika Chiriku mkono, bibi harusi akawafuata mbio, wakavuka barabara hadi kwa fundi wa kompyuta. Fundi aliichomeka kadi, akakuna kidevu.

"Kadi ikisafishwa, picha haziondoki mara moja," alieleza. "Zinabaki zimejificha, mpaka picha mpya zije zikalie nafasi zao. Mngeniletea siku ileile, ningezitoa zote. Mmeipigia picha ngapi tangu hapo?"

"Siku nne za vitambulisho," shangazi alisema.

Siku nne Chiriku alikuwa amesimama pale, ameufunga mdomo, akiwatazama watu wa vitambulisho wakimfunika yule mzee mmoja baada ya mwingine, na neno moja tu lingewazuia.

Walingoja kwa zaidi ya saa nzima. Kati ya picha mia na arobaini, fundi aliokoa thelathini na nane. Ya pete haikuwemo. Ya mama ameshika koti haikuwemo. Ya thelathini na moja ilipofunguka kwenye kioo, bibi harusi alipiga kelele. Sehemu ya chini ilikuwa imeliwa, kijivu kitupu, meza na kalamu havionekani. Lakini juu yake alikuwa amesimama babake, uso umekunjuka.

Saa kumi na moja walikuwa wodini. Mzee alikuwa amekonda zaidi, sauti imebaki ya kunong'ona. Shangazi alimpa Chiriku picha ile, akamwambia, "Mpe wewe. Na umweleze wewe."

Chiriku akaeleza yote, hakuacha hata uongo wake. Mzee aliitazama picha muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenifuta?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Ugonjwa umejaribu kunifuta mwaka mzima ukashindwa, utaniweza wewe?" Alicheka hadi akakohoa, mkewe akamwinua mto. "Ibandikeni hapo ukutani, hawa wauguzi wajue kwamba nina miguu."

Halafu akamvuta Chiriku karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kuilaza kadi vibaya ni kosa la mkono. Mikono hukosea, hata yangu ilikosea sana. Lakini kunyamaza uliamua mwenyewe, na kunyamaza huko ndiko kulikokula picha zangu nyingine. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Watu wengi huja kuomba radhi kaburini, kwa mtu asiyesikia tena. Wewe umechelewa, lakini umenikuta ningali nasikia. Nimekusamehe."

Aliishi wiki tatu zaidi. Siku ya mazishi, ile picha iliwekwa mbele ya watu wote, na kijivu chake chini, na Chiriku aliweza kuitazama bila kuinamisha uso. Mzee hakumfuata tena. Kinachomjia mpaka leo ni ile picha ya mama ameshika koti la mumewe kwa mikono miwili. Hiyo haipo popote duniani, na Chiriku ndiye peke yake aliyewahi kuiona.