Mbao za Kitanda

Siku ya gulio Lushoto mjini hupiti bila kukanyagwa. Peasi na kabichi zimemwagwa hadi barabarani, na akina mama waliotelemka milimani wanabembeleza wateja kwa Kiswahili na kugombana wao kwa wao kwa Kishambaa. Katika zogo hilo meza ya Rahabu ilivunjika mguu, peasi zikaporomoka mpaka kwenye viatu vya kijana mmoja mrefu, sweta la kijivu, nyundo kiunoni.

"We kaka, usizikanyage!"

"Nazikanyagaje, na mimi ndiye ninayeziokota?"

Huyo alikuwa Yeremia, fundi seremala wa Irente. Aliipindua meza, akagonga mguu, akaukaza. Rahabu alisimama pembeni, kitenge cha njano, kilemba kimekaa upande, akijifanya anahesabu peasi zake.

"Nikupe nini, fundi?"

"Peasi moja na namba ya simu."

"Chukua peasi mbili. Namba sina."

"Na hiyo inayolia kifuani?"

Akacheka mpaka akaziba mdomo. Namba aliipata gulio lililofuata, meza ilipovunjika mguu mwingine, na mguu huo, ndugu zangu, haukuvunjika wenyewe.

Wakapendana, tena vibaya sana. Jumapili Yeremia alimsubiri nje ya kanisa mpaka kwaya imalize, wakapanda Irente kutazama Mazinde kule chini. Nyumbani kwake alikuwa na mbao za mkulo, ule mti wa thamani wa milimani, alizozitoa kwenye nyumba ya babu ilipobomolewa, nyekundu, zinanukia hadi uani. Watu walizitaka, akakataa.

"Hizi za kitanda chetu," alimwambia Rahabu.

"Nani kakwambia nitalala kwenye kitanda chako?"

"Meza imeniambia."

Halafu vyuma vikakaza. Waliokuwa wanajenga nyumba za wageni wakaacha kuta zimesimama bila paa, nyasi zikaota vyumbani. Wachache walioendelea walitaka madirisha ya alumini na milango ya kununua dukani. Yeremia alizunguka saiti zote na mfuko wake wa randa na patasi, Soni, Magamba, mpaka Bungu kwa mguu. Kila mahali jibu ni lile lile, acha namba, fundi, tutakupigia. Simu haikulia. Alianza kupita kwa Rahabu baada ya saa ya chakula, asije akakaribishwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, ambayo watu hawaiachi hata vyuma vikaze vipi. Mzee Zabron alikuwa anatengeneza majeneza karibu na hospitali, na mgongo umechoka.

"Shikamoo, mzee. Nasikia unatafuta fundi."

"Marahaba. Natafuta. Wewe umewahi kupiga kenchi za paa?"

"Nyingi."

"Basi hapa utapiga paa tu, nyumba hazina dirisha." Zabron hakucheka, na Yeremia pia hakucheka.

Angemwambia Rahabu siku ile ile. Lakini wiki hiyo hiyo mama yake Rahabu, Mama Danieli, alilazwa, ini limevimba, madaktari wanazungumza kwa kunong'ona. Utamwambiaje mtu anayeuguza mama yake kwamba mchumba wake anapiga misumari ya majeneza nyuma ya ukuta wa hospitali? Milimani kwetu anayetengeneza sanduku hata kikombe chake hutengwa, sembuse kumkaribia mgonjwa.

Alikwenda kumwona mgonjwa akiwa amenawa mikono mara mbili. Rahabu alikuwa ametoka kwenda kuchemsha uji. Mama Danieli akanyoosha mkono uliobaki mifupa, akachomoa kiuzi cheupe kwenye sweta la Yeremia.

"Hii lesi ya sanduku," alisema. "Uko kwa Zabron."

Yeremia alitamani ardhi ipasuke. "Nisamehe, mama. Kazi imekosekana."

"Nikusamehe nini? Mimi mwenyewe nimezikwa na watu wangapi... nimezika, nataka kusema." Akacheka, kikohozi kikamkatisha. "Rahabu usimwambie. Ataona umekuja kunipima. Mpaka nitoke humu, kwa miguu au kwa kubebwa, usimwambie. Niahidi."

"Naahidi, mama."

"Na zamu yangu ikifika, usinijazie misumari."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomponza. Glory, rafiki yake Rahabu, alimwona kwa Sharifa mshona nguo akichagua satini nyeupe na lesi, Sharifa akiipima kwa mkono na kucheka. Glory hakungoja jua lizame. Simu ikapigwa Yeremia akiwa anapiga msasa.

"Yeremia, unamshonea nani shela?"

"Shela gani, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi! Satini ya nani? Lesi ya nani?"

"Ya kazi."

"Kazi gani ya seremala inayotaka lesi? Eti? Mama yangu yuko kitandani, mimi nalala kwenye benchi, wewe unachagua shela na Sharifa!"

"Rahabu, nisikilize. Kuna jambo siwezi kulisema sasa."

"Basi kaa nalo."

Akakata. Yeremia alipiga tena, hakupokelewa. Akapiga kesho yake, namba ikawa haipatikani kabisa. Mara nyingi alifika hadi geti la hospitali, akasimama, akarudi kwenye maranda yake. Alijichukia, akamchukia na Glory, na kuna siku, Mungu amsamehe, alimchukia mgonjwa kwa kumfunga mdomo. Jioni aliketi juu ya zile mbao za mkulo na kulia waziwazi, mtu mzima.

Huku kwetu jeneza halitengenezwi kwa kukisia. Marehemu hupimwa kwa kamba, kamba ikafungwa fundo mwisho wa kipimo, na mwanamume wa familia huipeleka kwa fundi. Kamba hiyo haitupwi, huzikwa na mwenyewe.

Asubuhi moja ukungu umeshuka hadi barabarani, Yeremia alisikia hodi. Akainua kichwa. Mlangoni alisimama Rahabu, khanga imefungwa kiunoni, nyingine kichwani, macho yamevimba. Mkononi ana kamba ya katani, fupi, yenye fundo.

Randa ikamtoka mkononi.

Rahabu alimtazama yeye, akatazama jeneza lililo mbele yake, akatazama satini iliyotundikwa ukutani na lesi yake.

"Ndiyo hiyo shela," alisema.

"Ndiyo hiyo."

"Kwa nini hukuniambia, Yeremia? Ningekuchukia kwa sababu ya kazi?"

"Mama alinikataza. Aliona uzi kwenye sweta. Alisema mpaka atoke."

Rahabu akaegemea nguzo. "Jana mama ameniambia, 'Nikiondoka, kamba usimpe mjomba wako. Ipeleke mwenyewe kwa Zabron.' Nikajua homa inamsemesha." Akaitazama kamba. "Alikuwa ananileta kwako."

Akamwaga machozi hapo hapo, Yeremia akamshika, na mikono yake ina vanishi hadi kwenye viwiko, na Rahabu hakujali. Walilia wote. Mzee Zabron akatoka nje, akajifanya anatafuta koleo.

Walipotulia Yeremia aliipokea kamba kwa mikono miwili. Akainyoosha juu ya meza. Mama wa watu alikuwa amekwisha, kipimo kama cha mtoto wa shule. Mbao zilizokuwepo zilikuwa za msindano, mbichi, zinapinda.

"Nisubiri," alisema.

Alirudi na pikipiki ya kukodi, mbao za mkulo zimefungwa nyuma. Rahabu alizinusa kabla hajaziona.

"Yeremia. Hizo si ndizo..."

"Ndizo."

"Na sisi?"

Alilaza ubao wa kwanza juu ya meza, akaweka kamba juu yake, akachora alama penye fundo.

"Sina kitanda tena," alisema. "Kazi ninayo hii unayoiona, na watu hawatakula kwenye kikombe changu. Ukinikubali hivyo hivyo, nikishamzika mama nakuja kwa mjomba wako kukuomba. Ukikataa, ubao nitakata tu."

Rahabu akajifuta uso kwa khanga. Akachukua kipande cha msasa, akasogea upande wa pili wa meza.

"Tutalala chini," alisema, akaanza kuulainisha ubao wa mama yake.