Mashine Iliyokunywa Maziwa

Bibi Eliaichi alikuwa na miaka sabini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwaga maziwa. Tone likianguka sakafuni, alisikitika. Ukoko wa maziwa ukibaki kwenye sufuria, aliukwangua kwa kijiko akaula. Sishangai kwamba paka wake alikuwa mwembamba kuliko paka wote wa Marangu.

Bibi aliishi na mkamwana wake, Yuditha. Jovin, mume wa Yuditha, alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu huko Tarakea, na alirudi nyumbani kila Jumamosi. Nyumba yao ilikuwa katikati ya migomba. Kahawa walikuwa nayo kidogo tu, na bei yake ilikuwa imeanguka. Mwaka huo wa 1997 waliwategemea ng'ombe wao wawili wa maziwa, Sukari na Baraka.

Mwezi wa tatu, wakati wa mvua, Yuditha aliteleza akiwa na mzigo wa majani kichwani. Alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini nguvu hazikurudi. Akikamua dakika tano tu, vidole vilikufa ganzi. Mikono ya Bibi nayo ilikuwa imechoka zamani.

Kikundi cha wafugaji kikawaazima mashine ya kukamulia ili waijaribu kwa mwezi mmoja. Ilikuwa na mota ya umeme, pampu, ndoo ya chuma yenye mfuniko, mipira mirefu, na vikombe vinne vya kuvalisha chuchu za ng'ombe. Jovin aliiunganisha na umeme mwenyewe, kisha akasema:

"Mashine ikifaa, sawa. Isipofaa, Sukari tumuuze. Kuna mtu wa Himo anamtaka. Mkono wako hauwezi ng'ombe wawili, Yuditha. Tusidanganyane."

Yuditha alikwenda kumpa Sukari majani. Sukari alifiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Yuditha ndiye aliyemlea kwa chupa, akimfunika kwa gunia usiku wa baridi.

Majuma mawili ya kwanza mashine ilifanya kazi vizuri. Kisha, Jumatatu moja, vikombe vilianza kudondoka kutoka kwenye chuchu. Yuditha alivirudisha, vikadondoka tena. Akakaa kwenye kigoda chake, akalia. Jumanne vikombe vilishika vizuri, na Yuditha hakujua kwa nini. Lakini Jumatano asubuhi pampu ilianza kukoroma. Bibi aliinama kuangalia bomba linalotoa hewa nyuma ya pampu. Kitu cheupe kilikuwa kinadondoka pale.

"Yuditha! Njoo uone! Hii mashine imekunywa maziwa yetu!"

Yuditha aliweka kidole, akanusa. Kweli, yalikuwa maziwa, yamechanganyika na mafuta.

"Mama, imeyapata wapi? Maziwa yanaingia kwenye ndoo!"

"Ndiyo maana nakuita. Kitu kinachokunywa bila mdomo mimi sijakiona."

Yuditha alipanda kilima kumwita fundi Aminieli. Huyu alikuwa ametunza mashine za kukamulia miaka kumi na tisa kwenye shamba kubwa la ng'ombe. Shamba lilipouzwa, wafanyakazi walipunguzwa, naye akawa anatengeneza redio na pasi nyumbani kwake.

"Shikamoo, mama," alimsalimia Bibi.

"Marahaba, baba. Njoo umwone mlevi wetu."

Aminieli hakugusa mashine. Alizima swichi ukutani, kisha akachomoa plagi. Aliitazama plagi ile, akakunja uso. Ilikuwa ya miguu miwili. Ili iingie kwenye soketi ya matundu matatu, mtu alikuwa amechomeka kijiti kwenye tundu la juu. Waya wa tatu, wa kijani na njano, ulikuwa umekunjwa nyuma.

"Nani kafanya hivi?"

"Jovin," alisema Yuditha. "Alisema waya huo hauna kazi."

"Huu ni waya wa ardhi. Umeme ukivuja kwenye chuma cha mashine, waya huu unaupeleka ardhini. Usipokuwepo, umeme unapita kwako. Tazama sakafu hii. Maji, mkojo wa ng'ombe. Nawe umesimama hapo kila siku na mikono imelowa! Mmeokoka tu."

Yuditha alirudi nyuma hatua mbili.

"Sasa tutafute njia ya maziwa," alisema Aminieli. "Kwanza nani kaivalisha pampu sweta?"

"Mimi," alisema Bibi. "Inapiga kelele, ng'ombe wanashtuka."

"Mama, pampu inachemka ikifanya kazi. Inahitaji hewa ya kuipoza. Ukiifunika, itaungua, na hapa pembeni pana majani makavu."

Bibi alichukua sweta lake, akalikunja. Lakini udadisi ulimzidi.

"Baba, hii pampu inavutaje maziwa?"

"Haivuti maziwa. Inavuta hewa tu. Niletee chupa ya soda iliyo tupu."

Bibi alileta chupa. Aminieli alimwambia aweke mdomo wa chupa kwenye mdomo wake, avute hewa kwa nguvu, kisha aachie mkono. Bibi alivuta. Chupa iling'ang'ania mdomoni, ikabaki inaning'inia. Yuditha alicheka mpaka akashika ubavu.

"Umeona?" alisema Aminieli. "Umetoa hewa ndani, na chupa imeshika. Pampu inatoa hewa kwenye ndoo na kwenye mipira. Ndiyo maana vikombe vinashika chuchu, na maziwa yanatoka yanaingia kwenye ndoo. Hewa peke yake ndiyo inayokwenda mpaka kwenye pampu."

"Basi haya meupe?" Bibi aliuliza, akijifuta mdomo.

Aminieli alifuata mpira kwa kidole, kutoka kwenye pampu kwenda kwenye ndoo. Katikati palikuwa na chupa kubwa ya kioo. Ilikuwa imejaa maziwa karibu mpaka juu.

"Hii ni chupa ya kunasia. Kazi yake ni kukamata maziwa yaliyopotea njia, yasifike kwenye pampu. Kila mkikamua mnatakiwa kuimwaga. Hamuimwagi?"

Yuditha alimtazama Bibi. Bibi alitazama migomba.

"Nilimkataza," alisema Bibi. "Maziwa hayamwagwi. Nilisema yakijaa tutayanywa."

"Haya si ya kunywa, mama, yamelala kwenye mpira mchafu. Na yameingiaje humu? Mnabadilisha ndoo?"

"Nakamua wote wawili kwenye ndoo moja," alisema Yuditha. "Kuinyanyua mara mbili siwezi."

"Ndoo ikijaa, povu linavutwa juu. Hapo ndipo yanapopotea." Aminieli alifungua mfuniko wa chupa, akachungulia. "Lakini bado sielewi. Humu ndani kuna kiboya, mpira mdogo unaoelea. Chupa ikijaa, kiboya kinapanda na kuziba njia. Vikombe vinadondoka. Ni mashine inakuambia, mwaga chupa kwanza! Sasa kiboya kiko wapi?"

Sukari alicheua.

Bibi aliingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, polepole. Akatoa kimpira cheupe.

"Nilikitoa Jumatatu jioni," alisema. "Niliona kinaziba. Yuditha alikuwa analia, na mimi sipendi kumwona analia. Nikasema nikitoa hiki, mashine itavuta. Na ilivuta, baba. Ilivuta kweli."

Yuditha alimshika bega. "Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uone imepona yenyewe."

Aminieli hakucheka. Alikipokea kiboya, akakifuta kwa kitambaa chake.

"Ulikuwa unasaidia, mama. Lakini kitu cha mashine kikizuia, tuulize kwanza kinazuia nini."

Kisha akaeleza hatari iliyokuwepo. Maziwa yakiingia kwenye pampu yanaharibu mafuta. Chuma kinashika kutu, pampu inakwama. Mota inalazimisha, inachemka, na mwisho inaungua.

"Imeshakufa?" Yuditha aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jovin anarudi Jumamosi."

"Nikiiacha mpaka kesho kutwa, itakufa. Msiiwashe kabisa. Kumwaga mafuta na kusafisha ndani ni kazi ya fundi."

Alimwaga mafuta machafu siku hiyo hiyo. Yalikuwa meupe kama uji. Alhamisi alishuka Moshi, akanunua plagi ya miguu mitatu na mafuta ya pampu, yale yale yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Aliisafisha pampu kwa mafuta mapya mara mbili. Akapima soketi, akafunga waya wa ardhi, akarudisha bati alilolifungua, linalokinga mkanda unaozungusha pampu.

Bibi hakuondoka karibu naye. Aliuliza kila kitu. Mafuta yanafika wapi? Alioneshwa kidirisha na alama yake. Yatazamwe kila siku kabla ya kuwasha. Mshale huu ni wa nini? Unapima mvuto, na usipite alama, maana mvuto mkubwa unaumiza chuchu. Mkanda ukilegea? Zima, chomoa, ndipo ubonyeze kwa kidole gumba. Harufu ya kuungua au mlio mgeni? Zima hapo hapo, umwite fundi.

"Na ndoo?" Yuditha aliuliza.

"Mkamue Sukari, mmimine maziwa kwenye chombo kingine, ndipo Baraka. Nyanyueni wote wawili, mkono wako na wa mama."

Jumamosi jioni Jovin alifika. Mashine ilikuwa inanguruma, wazi, bila sweta. Vikombe vilimshika Sukari barabara. Jovin aliinama kuichungulia pampu, akanyoosha mkono kufungua bati la mkanda.

"Jovin! Mkono!"

Aliruka. Ilikuwa miaka mingi tangu mama yake amkemee hivyo.

"Unataka kugusa? Zima kwanza. Chomoa plagi. Kausha mikono. Na ukikuta waya wa rangi mbili, usiseme hauna kazi. Ungetuua, mwanangu."

Yuditha alimsimulia yote, tangu kijiti kwenye soketi mpaka kiboya. Jovin alisikiliza akitazama sakafu iliyolowa.

"Mimi nilidhani najua," alisema mwishoni.

Walipomaliza, Yuditha alizima mashine. Yeye na Bibi walinyanyua ndoo pamoja. Kisha Bibi alifungua chupa ya kunasia. Ndani mlikuwa na maziwa kidogo, kama nusu kikombe. Aliibeba mpaka nje, akayamimina kwenye shina la mgomba.

Jovin alishika kichwa. "Mama! Unamwaga maziwa?"

"Simwagi. Nampa mgomba. Ndizi zake nitazila mimi."

Aliosha chupa kwa maji ya moto, akarudisha kiboya, akakitikisa kuhakikisha kinacheza.

Jumapili, baada ya kanisa, yule mtu wa Himo alikuja na kamba mpya mkononi. Jovin alimkaribisha, akampa ndizi na maziwa mtindi, akamwacha ale kwanza.

"Ng'ombe hauzwi," alimwambia. "Pole kwa safari."

Yuditha alikuwa bandani. Alisikia. Alimkumbatia Sukari shingoni kwa mkono wake mbovu, akasema, "Aika," akimshukuru Mungu kwa Kichagga. Kisha akaenda kutazama mafuta ya pampu, maana saa ya kukamua ilikuwa imekaribia.