Pingu Kwenye Gari la Bibi Nesi

Kila Jumamosi asubuhi, Mama Duka alifuta vumbi kwenye viti viwili vya plastiki na kuviweka karibu na keshia. Viti hivyo havikuwa vya kuuza. Kimoja kilikuwa cha mama mkwe wake. Macho ya bibi huyo yalikuwa yamefifia, na miguu ilikuwa na visa vyake, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikaa pale akisalimia kila anayepita. Watu aliwatambua kwa sauti.

Kiti cha pili kilikuwa cha Bibi Nesi.

Bibi Nesi alikuwa nesi mstaafu. Alianza kununua kwa familia hii tangu duka likiwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Duka likakua, likawa supamaketi, na yeye akaendelea kuja. Jumamosi alifika na gari lake dogo la zamani, akajaza toroli, akalipa, kisha akaketi na mwenzake. Hapo ndipo soga lilipoanza.

"Mwenzangu, jana nimeota ndoto kwamba nimeota meno mapya," mama mkwe alisema siku moja.

"Ungeniotea na mimi magoti mapya," Bibi Nesi akajibu.

Wakacheka mpaka keshia akakosea chenji.

Wiki nzima mama mkwe alikaa nyumbani na redio. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Alivaa nguo nzuri, akajipaka mafuta, akauliza mara kwa mara kama saa imefika.

Sasa, duka lilikuwa na tatizo. Lilikuwa na uwanja wa kuegesha magari, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na benki isiyo na uwanja. Watu wa benki waliegesha dukani. Wateja wenye watoto na mizigo walizunguka, wakakosa nafasi, wakaenda zao. Mama Duka aliyaona hayo dirishani, roho ikamuuma.

"Hawa watu wa benki wametufanya mabwege," alimwambia mumewe.

"Tuweke mlinzi."

"Mlinzi ni mshahara. Mimi nimepata kampuni. Wanafunga magari ya wakorofi kwa chuma. Sisi hatuwalipi chochote. Wanajilipa wenyewe kwa faini."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Mumewe akakuna kidevu. "Mambo ya bure yananitia wasiwasi."

"Wewe hata jua likichomoza unatiwa wasiwasi," Mama Duka akasema. Wakatia sahihi.

Jamani, bure hiyo! Mngejua ilivyowagharimu.

Kampuni ilileta watu wawili wenye fulana za njano. Walipigilia ubao ukutani, juu, karibu na tangi la maji. Ubao ulisema mwisho wa kuegesha ni nusu saa. Herufi zake zilikuwa ndogo kama maandishi ya pakiti ya dawa. Gari likizidisha muda, tairi lilibanwa kwa chuma kizito, na halikufunguliwa mpaka mwenyewe alipe faini. Watu wakakiita chuma hicho pingu.

Mwanzoni Mama Duka alifurahi. Uwanja ulikuwa na nafasi tele.

"Umeona?" alimwambia mumewe. "Na wewe ulikuwa unakuna kidevu!"

Hakujiuliza nafasi hizo zimeachwa na nani.

Jumamosi ya kwanza tangu pingu zije, mama mkwe aliamka hana nguvu, lakini alikataa katakata kubaki nyumbani. Alipofika dukani, alikaa kimya kwenye kiti. Bibi Nesi alimaliza kununua, akamkuta hivyo. Hakupoteza wakati. Alimshika mkono, akasikiliza mapigo ya moyo, akamtaka keshia alete maji. Akamlegeza nguo shingoni, akampepea kwa kipande cha boksi. Alikaa naye mpaka rangi ikamrudia na maneno yakarudi.

"Ulidhani nakufa?" mama mkwe akauliza.

"Wewe? Nani atakupokea huko na hilo domo lako?"

Bibi Nesi akasukuma toroli lake nje. Gari lake lilikuwa na pingu.

"Bibi, umezidisha muda," alisema mmoja wa watu wa fulana za njano.

"Nilikuwa ndani, baba. Nilikuwa nanunua. Risiti hii hapa."

"Risiti si kazi yetu."

"Nilikuwa namhudumia mama wa mwenye duka! Alizidiwa!"

"Ungemhudumia haraka," yule mtu akasema, akageuka kando.

Bibi Nesi alirudi ndani. Mama Duka alikuwa kaunta, foleni ni ndefu, simu iko sikioni. Alimsikiliza nusu nusu.

"Pole sana, bibi. Lakini ile ni kampuni, siyo sisi. Nikikuombea wewe, kila mtu atataka aombewe. Lipa tu leo, halafu tutaongea."

Bibi Nesi alimtazama. Alimjua mwanamke huyu tangu alipoletwa akiwa bibi harusi. Hata mtoto wa kwanza wa Mama Duka alizaliwa mikononi mwake.

"Haya, mwanangu," alisema.

Pesa hazikutosha. Bibi Nesi akaomba arudishe vitu. Akatoa unga kwenye toroli, akatoa mafuta ya kupikia, akatoa sabuni, akaviweka kaunta kimoja kimoja. Watu wa foleni waliangalia pembeni. Keshia alimrudishia pesa zake huku ameinamisha kichwa. Bibi Nesi akaenda kulipa faini, pingu ikafunguliwa, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata, viti vikawekwa. Mama mkwe akaja na nguo yake nzuri.

"Amefika?"

"Bado, mama."

Watu waliingia na kutoka. Kila mlango ulipofunguliwa, mama mkwe aligeuza kichwa. Mpaka mchana kiti cha pili kilikuwa kitupu. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Na ya tatu.

"Amekufa, nanyi mnanificha," mama mkwe alisema.

"Hajafa, mama. Labda ana shughuli."

"Shughuli gani? Yule na mimi shughuli yetu ni moja!"

Mama Duka alijua sababu. Aliijua vizuri sana, na hakuwa na uso wa kuisema.

Wakati huohuo duka lenyewe lilianza kupooza. Mikate ililala kwenye rafu. Maziwa yaliharibika. Mumewe alisimama mlangoni akiangalia uwanja uliojaa nafasi na usio na magari.

Siku moja Mama Duka alikwenda duka la dawa la jirani kununua dawa za mama mkwe. Juu ya meza ya mfamasia aliona mfuko wa ile supamaketi nyingine, ya kule mwisho wa barabara.

"Hata wewe, jirani!" akasema.

"Hata mimi," mfamasia akajibu bila kuona haya. "Nilifungwa pingu uwanjani kwako. Siku hiyo nilikuwa natoka mjini, nimewaletea dawa hizihizi, nikabaki kununua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ili unijibu kampuni ndiyo inayoamua? Nilisikia ulivyomjibu Bibi Nesi. Mtaa mzima umesikia."

Mama Duka akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Machozi yalikuwa karibu.

"Nimekosea wapi? Nilitaka kuwalinda wateja."

"Nikuulize. Pale kwako, nani anakaa zaidi ya nusu saa?"

"Watu wa benki."

"Hapana. Wa benki wameshajua mchezo. Wanatoka, wanalisogeza gari kidogo, wanarudi kwenye foleni yao. Anayekaa sana ni yule anayejaza toroli. Ni mwenye watoto. Ni mzee anayetembea polepole. Yaani umewafunga haohao wanaokulisha."

Mama Duka akageuka kutazama kule dukani kwake.

"Halafu wale jamaa wanalipwa kwa kila gari wanalofunga. Wamwonye mtu kwa nini? Wakimwonya ataondoka, nao wamekosa. Wanajificha nyuma ya tangi wakingoja muda uishe. Nimewaona kwa macho yangu."

"Na watu wananyamaza tu?"

"Anayekuja kukugombeza bado analitaka duka lako, jirani. Sisi wengine tulilipa, tukahama."

"Sasa nifanye nini?"

"Wafukuze wale. Weka mlinzi wako, umlipe mshahara, asipate chochote kwa kumwadhibu mtu. Ubao ushushe, uuweke pale magari yanapoingilia, uandikwe kwa herufi ambazo hata mama mkwe wako ataziona. Muda uongeze. Mwenye risiti asiguswe. Na mtu akizidisha, aulizwe kwanza. Huenda ameugua. Huenda gari limemharibikia. Wa benki aambiwe kwa heshima atafute pengine, akirudia mara nyingi ndipo apewe adhabu. Na akiwa na malalamiko, awepo mtu wa kumsikiliza. Mtu huyo awe wewe."

"Hiyo ni kazi kubwa."

"Kuliko kuoza kwa maziwa?"

Mama Duka alirudi akamweleza mumewe yote. Mumewe hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Kampuni ilikataa kuvunja mkataba mpaka ilipwe hela ya kutosha, lakini mwishowe fulana za njano zikaondoka. Akaja mlinzi, mtu mzima mwenye maneno ya taratibu. Ubao ukashuka. Polepole, magari yakaanza kurudi. Mama mmoja mwenye mapacha alirudi. Fundi bomba wa mtaani alirudi. Mfamasia naye alirudi, akanunua kiberiti kimoja tu ili apate risiti, kisha akacheka.

Bibi Nesi hakurudi.

Basi Mama Duka akabeba unga, mafuta na sabuni, vitu vilevile, akaenda kwake. Alimkuta akianika nguo uani.

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Nilikukosea. Ulikuwa unamwokoa mama yetu, nami sikuinuka hata kwenye kaunta."

Bibi Nesi akabana nguo ya mwisho kwenye kamba. "Pingu haikuniuma, mwanangu. Wale walikuwa hawanijui. Kilichoniuma ni kurudisha unga wangu mbele ya watu, na wewe unaniona."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Toka moyoni. Lakini kila nikiufikiria mlango ule, mkono unarudi kwenye ule unga. Siwezi."

"Na mama? Anakungoja kila Jumamosi."

Bibi Nesi alifuta mikono kwenye kanga. Sauti yake ikalainika. "Mlete kule ninakonunua sasa. Wana benchi zuri karibu na mlango."

Mama Duka alifikiri amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Duka lina wateja, mikate inaisha mapema. Lakini Jumamosi asubuhi Mama Duka anamfunga mama mkwe mkanda wa gari, anampeleka kwenye duka la mshindani wake, anamshika mkono mpaka kwenye benchi. Bibi Nesi anamsalimia Mama Duka vizuri, anauliza habari za watoto. Kisha wale wazee wawili wanageukiana, na yeye hana nafasi tena pale. Anarudi kungojea ndani ya gari.

Jumamosi iliyopita soga lilikuwa refu kupita kawaida. Mama Duka alimwona mlinzi wa pale akija moja kwa moja kwenye gari lake. Akatazama saa, akakumbuka hajanunua kitu, hana risiti, akaanza kutafuta funguo kwa haraka.

Mlinzi akainama dirishani.

"Mama, naona umekaa muda mrefu kwenye jua," alisema. "Uko salama? Nikuonyeshe sehemu yenye kivuli?"

"Niko salama, kaka," Mama Duka akasema. "Namngoja mama. Yuko ndani na mwenzake."

"Ah, wale wachekaji! Basi ngoja tu, mama. Hakuna haraka."

Mlinzi akaenda zake. Kutoka mlangoni kilisikika kicheko cha mama mkwe, kilekile cha zamani. Mama Duka akaweka kichwa kwenye usukani, akalia.