Mteja wa Saa Nane

Msuko ule haukuwa wa mtu yeyote.

Binti wa msusi aliutazama kwenye simu, kikombe cha chai kikipoa mkononi. Mistari myembamba kama uzi ilianzia masikioni, ikapanda utosini, kisha ikashuka mgongoni mpaka ikapotea chini ya picha. Kiti kilikuwa chao, kile chekundu chenye mkono mmoja uliofungwa plasta. Ukuta ulikuwa wao. Kisogo hakukijua.

"Mama, huyu ulimsuka lini?"

Mama yake aliichukua simu akaisogeza mbali, kama wanavyofanya watu wanaokataa kuvaa miwani. "Huyu? Mwanangu, huo msuko ni kazi ya siku mbili. Ningemsuka huyu sasa hivi ungekuwa unanikanda mgongo."

"Basi nani kampiga picha?"

"Si wewe na mashine yako?"

Mashine yenyewe haikuwa mashine. Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na tangu alipoacha shule kidato cha pili, binti ndiye aliyekuwa akipiga picha za wateja. Aliwapiga kutoka nyuma, kwa sababu msuko huonekana vizuri kisogoni, na wengine hawapendi sura zao zizagae mitandaoni. Kupandisha picha moja moja kwenye kurasa mbili za saluni kulimchosha. Mwezi uliopita akajifundisha njia ya mkato. Picha zote aliziweka kwenye folda moja katika hifadhi ya mtandaoni, kisha akaiunganisha folda na zile kurasa kwa programu ya bure. Kila siku saa nane mchana programu ilichukua picha moja kutoka kwenye folda, ikaiandikia maneno aliyoyapanga yeye, ikaipandisha kote kuwili bila mtu kugusa kitu. Wateja wakaongezeka. Wakamwita Fundi Mitambo, naye akajifanya halipendi jina hilo.

Picha ya mgeni ilipata laiki nyingi kuliko zote. "Nataka huu huu," mteja mmoja aliandika. Mwingine akauliza, "Mbona shingo yake ndefu hivyo?"

Kesho yake, saa nane, ilipanda picha ya pili. Kiti kilekile, msuko uleule. Ila safari hii ncha ya sikio la kushoto ilionekana.

Siku ya tatu lilionekana sikio zima. Asubuhi hiyo msusi aliamka na shingo iliyokaza.

"Nimelalia vibaya," alisema, huku akichambua nywele za mteja na uso wake ukielekea dirishani. Mteja alicheka. "Shoga, unanisuka au unamsubiri mtu barabarani?" Msusi naye alicheka, lakini uso haukurudi.

Siku ya nne likaonekana shavu. Lilikuwa laini mno, halina kinyweleo wala kovu. Siku hiyo msusi hakuweza kumtazama mtu yeyote aliyesema naye. Ukimwita, kichwa kilijiendea upande wa pili, taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo.

Binti alifuta picha zote nne. Akafuta folda. Akaikata ile programu, akabadilisha nywila za kurasa zote mbili, akaizima simu na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Siku ya tano, saa nane kamili, jirani alipita mlangoni na simu yake mkononi. "Fundi Mitambo, leo mmepandisha picha kali! Huyo dada karibu tumwone sura!"

Binti aliiazima simu ya jirani akaingia kwenye hifadhi: folda ilikuwa imerudi. Ndani yake mlikuwa na picha moja tu, na mahali panapoandikwa jina la aliyeipakia palikuwa patupu.

Ndipo saluni ilipoanza kunuka nywele zilizoungua, ingawa hapakuwa na pasi wala moto. Ikaanza na sauti, mchana kweupe, wakati wateja wamekaa wanapiga soga: kitana kikipita kwenye nywele ndefu, kraa, kraa, kikitua, kikipita tena, kikitokea upande wa kile kiti chekundu ambacho sasa hakuna aliyetaka kukikalia. Wateja wakakumbuka safari zao mmoja mmoja. Siku ya sita hakuja mtu.

Msusi alikuwa ameketi chini, anautazama ukuta. Mdogo wake binti, mtoto wa miaka saba waliyemwita Kiroboto kwa jinsi asivyotulia, alisimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza alikuwa ametulia.

"Dada," alinong'ona. "Nimemzunguka mama."

"Umemzungukaje?"

"Nimemzunguka pande zote. Mbele hakuna."

Binti alipiga magoti. Alipita kati ya mama yake na ukuta, akaona kisogo. Akaenda upande wa kulia, akaona kisogo. Kutoka upande usiokuwepo ilisikika sauti ya mama yake, ndogo, imechoka: "Mwanangu, uko wapi? Huku kuna giza, na kuna mtu ananichana."

Binti alikimbia mpaka kwa Bi Sindano. Huyu alikuwa mshona magodoro wa mtaa wa pili, na watu walijua kwamba alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuiandikia kibao.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pumua kwanza, godoro halikimbii."

Alisikiliza bila kuacha kushona. Kisha akauliza, "Picha ya kwanza kabisa uliyotuma kwa huo mtambo ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mtu. Nilikuwa najaribu kama unafanya kazi. Nilipiga kiti."

"Kitupu?"

"Kitupu."

"Saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Na maneno?"

"'Kiti kiko wazi. Njoo ukae.'"

Sindano ilisimama. "Ulikuwa unamwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, bibi. Nilikuwa najaribu tu."

"Hukutaja jina. Umetangaza mwaliko katikati ya mchana, kiti kitupu, bila jina, halafu ukaondoka zako. Aliyekuwa karibu kasikia, kaja. Tena mtambo wako ukawa unamwalika kila siku."

"Nimeshafuta kila kitu."

"Umefuta kwako. Mwaliko anao yeye." Alikata uzi kwa meno. "Jini huyu anataka uso. Kila siku anageuka kidogo kuja kwetu, na mama yako anageuka kidogo kwenda kwake. Kesho saa nane atatutazama. Baada ya hapo, mama yako atakuwa wa kule."

"Tumtoe vipi?"

"Saa nane ikifika kiti kisiwe wazi. Akae mtu mwenye jina, na jina litajwe. Mimi siwezi, nyumba si yangu." Aliichomeka sindano kwenye godoro. "Na sikudanganyi, mwanangu. Jini mwenyewe nitamfukuza. Alichokwisha kukishika sijui kama atakiacha."

"Nitakaa," alisema binti.

Kesho yake, saa nane kasoro dakika moja, alikaa. Bi Sindano alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti, akishona mpasuko wa ngozi ya kiti hicho kwa uzi mwekundu na kusoma maneno yake chini kwa chini. Binti alilitaja jina lake, akalitaja la baba yake na la babu yake, na alipofika hapo harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na vidole vikaingia kichwani mwake, vya baridi, virefu kuliko vidole vinavyopaswa kuwa, vikigawa nywele zake mstari kwa mstari kwa ustadi ambao hata mama yake hakuwa nao, na kitana kikapita, kraa, na pumzi ikamgusa sikioni, na simu iliyokufa ndani ya ndoo ikalia, naye akalitaja jina lake tena, kwa sauti kubwa, na tena, mpaka Bi Sindano akavuta uzi akafunga fundo, na chumba chote kikanyamaza.

"Jamani," alisema msusi. "Shingo yangu."

"Mama ana uso!" Kiroboto alipiga kelele, akamrukia. "Mama ana uso, ana uso!"

Bi Sindano alifungua kurasa kwenye simu yake. Hakikupanda kitu. Zile picha zilikuwa zimetoweka, na folda ilikuwa haipo. "Ameondoka," alisema, na jasho likamtiririka shingoni.

Binti alitoka kwenye kiti. Alimwendea mama yake, akasimama mbele yake, karibu kabisa. Aliyaona macho yake yaliyovimba, machozi mashavuni, jino lililopishana kidogo alipocheka. Hakuwahi kuuona uso ule ukiwa mzuri kiasi kile.

"Mama."

"Naam, mwanangu." Msusi alinyoosha mkono, akamshika bega kwa upole, kama anavyomshika mteja. "Geuka basi nikuone. Mbona unanipa kisogo?"